Sikuwa na pa Kwenda

Baba yangu ni fundi baiskeli. Kwa zaidi ya miaka thelathini amekaa chini ya mkungu mmoja hapa Ngamiani, na sanduku lake la bati, beseni la maji ya kutafutia pancha, na pampu ambayo mpini wake umeng'arishwa na viganja vya mtaa mzima. Mteja akileta baiskeli iliyoumia, Baba hamuulizi kimempata nini. Huipindua kichwa chini, huzungusha gurudumu la mbele, kisha la nyuma, halafu humwambia mwenyewe yaliyomkuta. Foku ikirudi nyuma, kuna kitu umekigonga wewe. Kanyagio likipinda, umeanguka ubavu. Ringi ya nyuma ikikunjika hata haizunguki, kuna aliyekujia kwa nyuma.

Nilipokuwa mdogo, ringi ya nyuma iliharibika kwa mzigo. Watu walipakia kwenye keria gunia la mkaa, tenga la samaki, mtoto na juu yake mtoto mwingine. Spoku zilikatika mojamoja, kwa uchovu, na Baba alizibadilisha huku akipiga soga na mwenye baiskeli. Sasa magurudumu yanakuja yamekunjika kwa dharuba moja. Soga hakuna. Na mara nyingi anayeileta baiskeli si yule aliyekuwa akiiendesha.

Mwaka juzi, ringi ya nyuma iliyokunjika ilikuwa ya Baba mwenyewe.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu kabla ya kuliandika, kwa sababu kila nilipoanza niliandika kwa hasira, na hasira ilinipeleka kumtafuta mtu wa kumlaumu. Leo naandika nikijua ninachotaka kusema.

Asiyeijua Tanga aijue hivi: mji umelala tambarare. Ukitoka Raskazone ukapita Chumbageni, ukavuka reli ukaingia Ngamiani, hupati mlima wa kukutoa pumzi. Mitaa ya Ngamiani imenyooka kama iliyopigwa rula, na haina majina ya watu mashuhuri, ina namba: Barabara ya 1, ya 2, ya 3, mpaka ya 21. Mgeni haelekezwi kwa jengo wala kwa duka. Waambiwa Barabara ya 12, wahesabu, wafika. Mji huu ulikua kwa bandari, kwa mkonge na kwa reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka hapa mwaka 1893, na waliokuja kuzifanya kazi hizo walikwenda kwa miguu yao, baadaye kwa baiskeli. Baiskeli ikatukaa. Leo hii ukisimama pembeni ya njia baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijatoka baharini, husikii injini kwanza. Wasikia cheni.

Wanapita wauza mikate na makasha yao ya mbao kwenye keria. Wanapita wachuuzi wanaowahi samaki soko la Deep Sea, ndoo tupu zikigongana. Mafundi ujenzi, mwiko na pima maji vimefungwa kwa mpira wa tyubu. Wauguzi wanaotoka zamu ya usiku. Wasichana wa shule, mtandio umebanwa vizuri usiingie kwenye spoku, na akina mama watu wazima waliokusanya baibui kwa mkono mmoja na kushika usukani kwa mwingine. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, maana nafundisha fizikia sekondari na naenda kazini kwa baiskeli ya kike aliyoniundia Baba kutokana na mabaki ya baiskeli tatu.

Nayasema haya kwa sababu kila zinapokuja semina za mazingira na afya, huwa tunahimizwa tupende baiskeli. Tanga hatuhitaji kuhimizwa. Baiskeli kwetu si mazoezi ya Jumapili. Ni nauli ambayo hukuilipa, ikabaki nyumbani ikawa unga. Hapa hakuna wa kushawishiwa apande. Kuna wengi wanaoondolewa mmoja mmoja, kimya kimya, kwa hofu. Mama mmoja jirani yangu ameuza baiskeli ya binti yake mwaka huu. Binti alikuwa akifika shule kwa dakika ishirini. Sasa anatembea saa nzima, au siku yenye hela anapanda bajaji, na siku isiyo na hela na yenye mvua haendi. Nilipomuuliza mama yake, alinijibu, "Mwalimu, baiskeli nitanunua nyingine. Mtoto je?" Sikuwa na jibu, nikanyamaza.

Watu wa nje wakiitaja Tanga hukimbilia ule msemo, waja leo waondoka leo. Mama yangu aliugeuza ukawa dua. Tangu tukiwa wadogo, akitufungulia mlango asubuhi husema, "Waenda leo, warudi leo." Nasi twaitikia, "Inshallah." Alimwambia Baba vivyo hivyo kila siku, naye Baba huinua mkono bila kugeuka, maana mkono mwingine umeshika usukani.

Sasa niseme habari ya lami, na nisieleweke vibaya, kwa sababu lami siitukani. Nakumbuka Ngamiani ya vumbi. Nakumbuka masika, maji yakisimama wiki mbili mbele ya milango, mama mjamzito akibebwa kwenye mkokoteni kwa sababu gari haliingii. Tanga ilikuwa moja ya miji iliyoingizwa katika mradi wa kuboresha miji kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma, Kigoma na Mtwara, na kwa miradi ya namna hiyo mitaa mingi ilipata lami, mifereji na taa. Siku lami ilipofika mtaani petu watoto walivua viatu wakaikanyaga ikiwa bado na joto. Baba alisema pancha zitapungua, na kweli zilipungua.

Lakini kuna kitu kilichoondoka na mashimo, na hatukujua kwamba kilikuwa kinatulinda. Mashimo ndiyo yaliyokuwa matuta yetu. Dereva aliyepita Ngamiani ya zamani alipita taratibu kwa sababu alilihurumia gari lake. Alituhurumia sisi bila kukusudia. Lami ilipomwondolea huruma ya gari, haikumpa kitu kingine cha kumfanya apunguze mwendo. Njia imenyooka, imelainika, mbele kweupe. Mguu wake unakanyaga wenyewe. Kisha zikaja bodaboda, zikaja bajaji, zikaja Fuso za mizigo zinazotafuta njia ya mkato, na zote zikagawana lami ileile. Mwenye baiskeli akasogea ukingoni. Akasogea tena. Mwisho wa kusogea upo mtaro.

Ilikuwa Jumanne, baada ya magharibi, giza halijashika sawasawa. Baba alikuwa amempelekea mteja mmoja baiskeli yake, akawa anarudi na ya kwake, Phoenix nyeusi ninayoijua kuliko ninavyojua picha zangu za utotoni. Mbele ana taa ya dainamo inayowaka. Nyuma, kwenye madigadi, ana reflekta aliyoing'oa kwenye baiskeli iliyokufa. Kushoto kwake mtaro wa maji ya mvua, wazi, kina chake chamfika mtu kifuani. Kulia kwake magari. Katikati ya viwili hivyo amebakiwa na lami ya upana wa mkeka wa kuswalia.

Hakurudi leo. Kijana wa bodaboda ndiye aliyekuja kubisha hodi, kofia yake mkononi, na nilipoiona ile kofia imevuliwa miguu iliniisha nguvu.

Nyonga ilivunjika na mbavu mbili. Dereva wa gari lililomgonga hakukimbia, na kwa hilo namwombea heri mpaka leo. Alimbeba Baba mwenyewe kumpeleka hospitali, na siku ya pili akaja nyumbani na wazee wake kutuomba radhi. Kijana mstaarabu. Alilia mbele ya Mama. Alisema zaidi ya mara moja, "Mama, nilimwona mzee. Ila nilidhani atasogea."

Siku ya nne Baba alipoweza kuzungumza bila kukunja uso, nilimfikishia maneno hayo. Alinyamaza kidogo, akitazama dari.

"Nami nilimsikia," alisema. "Nilimsikia toka mbali, mwanangu. Nisogee wapi? Sikuwa na pa kwenda."

Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo. Mmoja amemwona mwenzake. Mwingine amemsikia mwenzake. Hapakuwa na mlevi, hapakuwa na mhuni, hapakuwa na aliyemtakia mwingine shari. Na bado wamekutana, mmoja akiwa na chuma cha zaidi ya tani moja na mwingine na mifupa ya miaka sitini na tisa. Nikaona hasira yangu yote haina wa kumshukia. Walikutanishwa na barabara.

Barazani, watu waliokuja kumjulia hali walisema mambo mawili. Wa kwanza walisema wenye baiskeli nao wazembe, hawana taa, wanakatiza ovyo. Hilo lina ukweli wake, na kwa wanafunzi wangu nalishughulikia kila muhula: tunakagua breki, tunafunga reflekta, tunakemea kupakizana watatu. Lakini Baba alikuwa na taa, alikuwa na reflekta, alikuwa ameshika kushoto kama sheria itakavyo. Mtu akifanya yote aliyoambiwa na bado akavunjwa nyonga, maneno ya uzembe yafike mahali yaishe.

Wa pili walisema Mungu kapanga. Nami ni Muislamu, nayaamini makadirio, sina ubishi nayo. Ila nakaa Ngamiani, mtaa ambao wazee husema umepewa jina lake na ngamia waliokuwa wakifungwa hapa, na siwezi kuisahau ile hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea kwa Mungu. Aliambiwa: mfunge, kisha tegemea. Sisi kwenye barabara zetu tumefika kwenye kutegemea kabla ya kufunga.

Niliporudi darasani sikuweza kufundisha mada iliyofuata. Tulikuwa kwenye mwendo na nguvu. Nikawatoa wanafunzi nje na kamba ya katani ya mita thelathini, tuliyoifunga kitambaa kila baada ya mita moja. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza. Siku ile uwanjani nilisema Kiswahili, kwa sababu nilitaka jambo liwaingie lote.

Tukalaza kamba mchangani. Nikawaambia, mwanzo wa kamba ni mahali dereva anapomwona mtu. Jicho likiona, mpaka mguu ukanyage breki, kwa dereva aliye macho na asiyeshika simu, yapita kama sekunde moja. Gari la kilomita 30 kwa saa litakuwa limekwenda mita nane na kidogo. Kisha breki zinashika, na kwenye lami kavu yenye tairi nzuri linahitaji mita kama tano kusimama. Jumla kama mita 13. Tukamweka mwanafunzi mmoja, mrefu, mchangamfu, asimame penye kitambaa cha kumi na nne. Gari la kwanza limesimama mbele ya magoti yake. Anatabasamu.

Sasa gari la pili, la kilomita 50 kwa saa, dereva yuleyule, macho yaleyale, breki zilezile. Sekunde ile moja ya mwanzo peke yake linakula karibu mita 14. Nikatembea na kamba mpaka kwa yule kijana. Nikasimama mbele yake. Nikawauliza wenzake, hapa gari lina mwendo gani? Wakapiga hesabu kwa vidole, wakatazamana. Msichana mmoja akasema polepole, "Madam, bado halijaanza kupunguza." Ndivyo. Pale ambapo gari la 30 limekwisha simama, gari la 50 lingali na 50 yake yote. Linahitaji mita nyingine kama 14 baada ya hapo. Na kwa kuwa nishati mwendo hupanda kwa mraba wa kasi, chuma kile kinamfikia na karibu mara tatu ya nishati ambayo lile la 30 lilikuwa nayo.

Yule kijana aliacha kutabasamu, akasogea kando ya kamba bila kuambiwa.

Kilomita 50 kwa saa ndicho kikomo cha sheria yetu katika maeneo ya makazi, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kwa hiyo hesabu ile haikumhusu mkiukaji. Ilimhusu dereva mwema anayetii. Asiyetii, anayekwenda 70 kwenye njia iliyonyooka mbele ya shule, hiyo kamba yetu ya mita thelathini haikumtosha.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, limekadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya barabara. Malaria tunaipigia kelele, na tuipigie. Lakini huo ndio umri wote wa wanafunzi wangu, kuanzia chekechea mpaka chuo na miaka ya kwanza ya kazi, na kwa hili hatugawi hata chandarua. Umoja wa Mataifa umeutangaza muongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa kuvipunguza vifo hivyo kwa nusu. Muongo umekwishavuka katikati.

Wapo waliofanikiwa, na nataka kutaja wachache kwa sababu mazungumzo ya namna hii mtaani kwetu huishia kwenye "haiwezekani". Uholanzi, ambayo leo inatajwa kama nchi ya baiskeli, ilikaribia kuzipoteza. Magari yalipojaa miaka ya 1960, baiskeli zilisukumwa pembeni kama zinavyosukumwa zetu. Mwaka 1971 pekee zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani kwao, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi waliingia njiani, wakalala kwenye lami pamoja na watoto wao, wakajiita Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Njia zao za baiskeli hawakuzirithi kwa mababu, walizidai. Oslo, mji mkuu wa Norwei, walishusha mwendo na kuondoa maegesho mengi ya magari katikati ya mji, na mwaka 2019 ulipita wote bila mtu wa miguu wala wa baiskeli kuuawa barabarani.

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu. Amend, shirika la usalama barabarani, lilifanya kazi kwenye shule za msingi za Dar es Salaam zenye hatari kubwa, kwa vitu vya kawaida kabisa: matuta, vivuko vya pundamilia, njia za miguu, alama, nguzo fupi za kuzuia magari kupanda pembeni, na mara nyingine lango la shule kuhamishwa kutoka barabara kubwa kwenda ya kando. Majeruhi walipungua, kwa hadi asilimia 26, na mwaka 2019 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya taasisi ya utafiti ya World Resources Institute (WRI). Hakuna kilichokuwa kigeni pale. Zege, rangi, na mtu aliyesimama langoni asubuhi akatazama watoto wanavukia wapi.

Kwa hiyo nikiambiwa nitaje ninachotaka kwa Tanga, nakitaja. Nataka mitaa ya namba ya Ngamiani, yote, iwe ya kilomita 30 kwa saa, na mwendo huo ulazimishwe na barabara yenyewe, kibao hakitoshi. Kibao kinasomwa na anayetaka kusoma. Tuta linasomwa na kila mtu.

Lakini matuta nayo yana adabu yake, na hapa nataka wahandisi wamsikilize fundi baiskeli. Tuta kali lisilopakwa rangi linamwangusha mwenye baiskeli usiku. Baba aliwahi kukwaruzwa uso mzima na tuta lililojengwa kwa ajili ya usalama wake. Liwe na mgongo mpana, lipakwe rangi na kurudiwa kila inapofifia, na ukingoni liachwe na uwazi wa hatua moja ambapo gurudumu la baiskeli litapita bila kuruka. Najua bodaboda nao watautumia uwazi huo. Na wautumie. Mtu hawezi kupita pahali pembamba namna ile kwa kasi.

Vivuko vya mbele ya shule, misikiti, masoko na hospitali viinuliwe hadi usawa wa njia ya miguu, ili gari ndilo lipande kwa watu na si watu washuke kwa gari. Kona za mitaa zikazwe. Kona iliyochongwa pana inamruhusu dereva kuikata bila kupunguza, na mtoto anayevuka pale hamwoni mpaka wamekaribiana.

Na mitaro ifunikwe. Nimeliweka hili peke yake kwa sababu ndilo ninaloliota. Tanga inahitaji mitaro. Mvua zetu hazina mzaha. Lakini mtaro uliofunikwa kwa mabamba ya zege ni mtaro uleule, maji yaleyale yanapita chini, na juu yake umepata njia ya baiskeli au ya miguu bila kubomoa nyumba ya mtu. Ardhi ipo. Tumeiacha ikiwa shimo.

Hapo watu hunikumbusha wamachinga. Wanasema, ukifunika, kesho utakuta meza za nguo na majiko ya mihogo, mwenye baiskeli atarudi palepale barabarani. Ni kweli itatokea, na sioni kwamba dawa yake ni kufukuzana na mama anayekaanga mihogo. Anakaa pale kwa sababu wateja wake wanapita pale, kwa miguu na kwa baiskeli, na wakitishwa wakaondoka naye hana biashara. Apewe upande wake uliopimwa, na njia ibaki njia. Nimewauliza watatu wa mtaani petu. Wote wameniambia wanachoogopa zaidi ni gari kupanda juu yao, kwa hiyo jiwe la ukingo linalolinda baiskeli linawalinda na wao.

Wanafunzi wa ile siku ya kamba hawakuiacha. Wiki moja baadaye walinijia na ombi la kupima barabara iliyo mbele ya shule. Tukapima: upana wa lami, upana wa mtaro, umbali kutoka langoni hadi mahali dereva anapoanza kuliona lango. Waliandika barua kwa mikono yao, Kiswahili safi, wakachora ramani na kamba yao juu yake, 13 kwa wino wa buluu na 28 kwa nyekundu. Tukaipeleka serikali ya mtaa. Mwenyekiti aliisoma yote mbele yetu, akavua miwani, akasema ataipandisha kwa wanaohusika na barabara, na akasema pia kwamba mjukuu wake anavuka palepale.

Ilichukua miezi. Nilikwenda kuulizia mara nyingi kuliko nilivyopenda, shikamoo baada ya shikamoo, benchi baada ya benchi. Siku moja alikuja mhandisi kijana na tepu yake. Wanafunzi walimpa kamba. Aliilaza barabarani, akatembea kutoka kitambaa hadi kitambaa, akasimama kwenye cha kumi na nne, akatazama upande magari yanakotokea. Alikaa hapo muda kidogo, akaandika kwenye daftari, akashukuru, akaondoka.

Mwezi uliopita kivuko cha pundamilia kilichorwa mbele ya lango, na pande zote mbili zake matuta mawili mapana, meupe kwa manjano. Asubuhi ya kwanza nilisimama pale tangu saa kumi na mbili na nusu. Daladala la kwanza lilishusha mwendo mpaka nikasikia redio yake. Watoto wa darasa la kwanza wa shule ya jirani walivuka wameshikana mikono, na mmoja alikataa kukanyaga penye rangi nyeusi, akaruka kutoka mstari mweupe hadi mweupe, na dereva akamsubiri mpaka akamaliza.

Jioni nilimchukua Baba aende akaone. Anatembea kwa gongo sasa. Baiskeli hajapanda tangu siku ile, ijapokuwa ringi ya nyuma ya Phoenix ameinyoosha mwenyewe, spoku baada ya spoku, kwa muda wa wiki tatu akiwa amekaa kwenye kigoda. Tulifika taratibu. Akalitazama tuta, akaligusa kwa ncha ya gongo, akaangalia ule uwazi ulioachwa ukingoni na kuupima kwa kiatu chake. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasogea kushoto, hatua tatu, mpaka ukingoni, akainama kidogo kuchungulia mtaro. Ulikuwa wazi bado, na chini kuna ndala moja ya mtoto na maji meusi.

"Abee, Baba?" nilisema, maana aliniita bila sauti, kwa mkono tu.

"Watu wako wamefanya kazi nzuri," alisema. "Kesho rudi ukawashukuru. Ukishamaliza kuwashukuru, waulize mabamba yanakuja lini."